Tagi Iliyochoma Kiti cha Nahodha

Nilipelekwa Riyadh kupiga deki, na kwa miezi minne ya kwanza nilipiga deki. Nyumba ilikuwa mtaa wa Al-Malqa, ghorofa tatu za marumaru nyeupe inayoonyesha hata unyayo wa paka. Kazi ilianza baada ya sala ya alfajiri na kuisha pale madam aliposema halas, yaani basi. Miaka ile kwetu Mtongwe, karibu kila nyumba ilikuwa na binti aliyeko Saudia au aliyekuwa akingoja viza. Ajenti alikuja na fomu zake, tukapimwa afya, tukafundishwa kuwasha mashine ya kufulia na kujibu "hadhir, madam", yaani "ndiyo, madam", tukapanda ndege. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka miwili ya kuuza vocha za simu karibu na feri. Mgonjwa sikuwa nimewahi kumhudumia.

Mwezi wa tano wakamleta mzee. Alikuwa baba yake bosi, umri wake unakaribia tisini. Alikuwa ameishi Jeddah, mtaa wa Al-Hindawiyah, tangu alipohama Zanzibar mwaka wa sitini na nne akiwa na mkewe na mtoto mchanga. Mtoto huyo mchanga sasa ndiye bosi wangu, mtu mwenye ofisi Olaya, katikati ya jiji, na magari mawili uani. Mzee alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na mwanawe hakutaka tena kumwacha akae peke yake.

Wakamweka chumba cha chini, karibu na jikoni. Asubuhi ya kwanza nilisikia kelele, nikafika mlangoni na ndoo yangu. Mzee alikuwa akifoka, madam na binti yake mkubwa, mwanafunzi wa chuo, wamesimama hawajui la kufanya. Daktari alikuwa amewaambia kwamba tangu upasuaji Kiarabu kinamtoka kidogo kidogo, kimebaki Kiswahili, na wao Kiswahili hawakijui. Bosi alikijua kiasi, lakini alikuwa kazini.

"Anataka maji ya moto ya kuoga," nikasema kwa Kiarabu changu cha kubabaisha. "Anasema haya ni ya baridi."

Madam alinitazama kana kwamba ni ule ufagio wa kupigia deki uliosema. Mimi nikamgeukia mzee. "Shikamoo, babu."

Akanigeukia. "Marahaba. Weye mtoto wa wapi?"

"Mombasa, babu. Mtongwe."

"Mtongwe!" Akajaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha. "Mtongwe inayotazamana na Kilindini? Mie nimekaa hapo kwenu kabla mamako hajazaliwa. Nilikuwa kwenye tagi ya vita."

Siku ile ile niliongezewa kazi ya kumhudumia, juu ya deki zangu. Jioni bosi aliporudi nikamweleza habari ya tagi. Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Baba alikuwa akitia moto kwenye boila ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali, Jeddah," akaniambia, kwa Kiswahili cha mtu aliyekisikia kwa mamake tu. "Miaka ishirini na tano. Hayo mambo ya vita ametuambia tangu sisi wadogo. Hana karatasi, hana picha, hana chochote. Ni uzee."

Kwa kweli mimi pia sikumwamini. Nilimsikiliza kwa sababu ya mazoezi. Daktari alitaka atembee kila siku, naye alikuwa akikataa, akilala amegeukia ukuta. Basi nikamwekea sharti: "Hatua kumi, babu, ndipo nisikilize." Siku ya kwanza akapiga nne, akishika kile chuma cha kutembelea, akinitukana kwa Kiunguja kitamu sana, kisha akaketi na kuanza kunieleza tagi ni nini, kana kwamba mimi sikuzaliwa ng'ambo ya bandari.

Tagi, alisema, ni meli ndogo yenye nguvu ya ajabu. Kazi yake ni kuvuta na kusukuma meli kubwa, kwa sababu meli kubwa ikifika bandarini haiwezi kugeuka yenyewe bila kuvunja gati. Yake ilikuwa ya makaa ya mawe, bomba moja refu, ya kazi za kawaida, mpaka vita vya pili vilipokuja na Waingereza wakazihamishia manowari zao Kilindini. Hapo tagi ikachukuliwa na jeshi la majini. Ikapakwa rangi ya kijivu juu ya rangi zake zote, jina likafutwa, ikapewa namba. Mbele wakaifungia mzinga mdogo.

"Ulipigana nao, huo mzinga?"

"Ulipigwa mara moja tu, kuujaribu. Ukavunja vikombe vyote vya jikoni. Tokea hapo tukawa tunakunywa chai kwenye makopo ya maziwa."

Nilicheka mpaka madam akaja mlangoni. "Mafi kalam," akasema, yaani hakuna maneno. "Kazi!" Nikarudi kwenye marumaru. Lakini kesho yake mzee alipiga hatua kumi bila kuombwa, akakaa, akaniuliza jana tuliachia wapi.

Nikaanza kumpima kimyakimya. Mimi Kilindini naijua kama kiganja changu, kwa hiyo nilimuuliza mambo ambayo mtu hawezi kuyabuni: ukitoka Mtongwe ukatazama ng'ambo unaona nini, mkondo unakwenda upande gani maji yakianza kutoka, miamba iko wapi. Akajibu yote. Alinitajia hata mahali ambapo chini ya maji kuna tope laini linaloshika nanga kama gundi, jambo ambalo nililisikia utotoni kwa wavuvi wa mtaani kwetu na sikuwahi kulisikia tena. Siku hiyo nikamwomba yule binti wa chuo daftari. Akanipa moja lenye maua kwenye jalada. Nikaanza kuandika.

Niliandika kwa wiki nyingi, kila asubuhi baada ya mazoezi, nikiwa nimekaa sakafuni na mzee kitandani. Aliingia kwenye tagi akiwa kijana wa miaka kumi na minane aliyevuka kutoka Unguja kutafuta kazi, akapewa koleo. Walikuwa watia makaa wanne, wawili wa zamu, kila zamu saa nne mbele ya tanuri. Kazi yao kubwa ilikuwa kuzipokea manowari, kuzigeuza na kuzilaza gatini. Nyingine ilikuwa kuufungua na kuufunga ule wavu wa chuma uliotandazwa mlangoni mwa bandari ili nyambizi za adui zisipenye. Meli ikija, tagi huvuta wavu kando, ikipita, huurudisha. Mara nyingi kwa siku, kwa miaka. Hakuna aliyeandika habari hiyo gazetini, alisema, lakini ungeachwa wazi hata kwa saa moja, watu wasingelala.

Halafu likaja lile la meli ya shehena.

Alinisimulia kwa asubuhi tatu, na zote tatu alitembea mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi. Meli ilikuwa imepigwa kombora na nyambizi mbali baharini, upande wa kaskazini-mashariki. Haikuzama. Omo yake, sehemu ya mbele, ilikuwa imefumuka, injini zimekufa, na ndani walikuwamo mabaharia zaidi ya thelathini waliokataa kuiacha. Tagi kubwa za jeshi zilikuwa mbali. Nahodha wa tagi, Mzungu mfupi mwenye ndevu nyekundu na maneno machache, akaitwa na wakubwa, akarudi, akawaambia wang'oe nanga.

Walikuwa na makaa ya siku nne. Kwenda ilikuwa siku moja na nusu. Wakaikuta meli, wakaifunga kwa tezi, upande wa nyuma, kwa sababu omo haikufaa kukata maji, wakaanza kuivuta kinyumenyume. Kamba ya chuma ikakatika mara mbili. Mara ya pili ilimpiga serahangi, kiongozi wa mabaharia, mkono ukavunjika, naye akaendelea kutoa amri kwa mkono mmoja. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Siku ya nne jioni, mzee akapiga koleo lake na kusikia chuma kikigonga chuma. Makaa yamekwisha.

"Mkafanya nini?"

"Tukachoma chombo," akasema, macho yakimwaka. "Tulianza na masanduku ya chakula. Halafu mabenchi. Halafu milango ya vyumba, kitanda changu, ngazi ya ndani. Mpishi akaleta rafu zake mwenyewe, analia. Asubuhi ya siku ya tano nahodha akateremka kwenye tanuri. Hakuwa na desturi ya kuja huko chini. Amebeba kiti chake mwenyewe, kile cha kukalia pale juu kwenye usukani. Cha mbao nzito, na ngozi, na misumari ya shaba. Akaniambia, 'Tia.' Nikamwambia, 'Bwana, hiki ni chako.' Akasema, 'Tia.' Nikatia. Mwanangu, kiti kile kiliwaka kama kina mafuta ndani. Ndicho kilichotufikisha mahali tunapouona mnara wa taa."

Waliingia Kilindini wakiivuta meli ile kwa matako, na manowari zote zilizokuwa bandarini zikapiga honi kwa pamoja. Yeye hakuona kitu, alikuwa chini. Alisikia kupitia chuma, akadhani wameshambuliwa. Kisha nahodha akawaita watia makaa wote wanne wapande juu, weusi wa masizi kuanzia kichwani mpaka unyayoni, wasimame mbele kabisa, kwenye mzinga. Mabaharia wa manowari walikuwa wamejipanga wakipunga kofia. Hakuna hata mtu mmoja aliyekufa kwenye meli ile.

Vita vilipokwisha alipewa karatasi yenye muhuri, inayosema alikuwa kwenye chombo namba fulani na alifanya kazi vizuri. Karatasi hiyo ilibaki ndani ya sanduku Unguja, siku walipoondoka na nguo walizovaa tu.

Nilimsomea bosi, mbele ya babake, ukurasa ule wa honi za manowari tu. Alisikiliza kwa adabu, akasema, "Kisa kizuri sana," akaenda kujibu simu. Usoni mwa mzee nikaona kitu kikizimika. Kesho yake hakutaka kutembea. Wala kesho kutwa.

Hapo ndipo nilipokasirika kwa niaba yake, na hasira ikanipa akili. Simu yangu ilikuwa ikikaa kwa madam, nikipewa Ijumaa baada ya chakula cha mchana kwa saa moja. Ijumaa hiyo sikuzungumza na mama habari za nyumbani. Nilimwambia: "Mama, nitafutie mtu yeyote, Mtongwe, Likoni, Changamwe, popote, aliyewahi kufanya kazi kwenye tagi za zamani bandarini. Za makaa."

"Mwanangu, umeacha kuosha vyombo, unanunua meli?"

"Nitafutie tu, mama."

Mama yangu huuza mahamri asubuhi kwenye njia ya feri, kwa hiyo hakuna mtu asiyemjua. Hata hivyo ilichukua Ijumaa tano. Ya tano akaniambia amempata fundi mstaafu wa mitambo, Likoni, aliyeanza kazi kama mwanagenzi kwenye tagi kuukuu miaka ya sitini mwanzoni, ya mwisho ya makaa kabla haijakatwa vyuma chakavu. Wakati huo huo fundi huyo alikuwa amekaa hapo barazani kwa mama, akinywa kahawa.

Nikakimbilia chumba cha mzee, nikaweka simu kifuani pake, sauti juu. Walisalimiana, wakaulizana afya, kama watu wenye siku nzima, ndipo mzee akataja namba ya chombo chake. Mimi nilikuwa na dakika ishirini.

"Mzee wangu," fundi akasema, "namba unayosema mimi siijui. Nilipoingia, chombo kilikuwa kimerudishiwa jina lake."

Lakini mzee hakubabaika. "Tanuri zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Ya kushoto ilikuwa na ugonjwa gani?"

Fundi akaanza kucheka. "Mlango wake! Ulikuwa haufungiki..."

"...mpaka uupige teke!" Wakamalizia pamoja, mmoja Likoni, mmoja Riyadh, wakacheka mpaka mzee akashika nyonga yake.

Kisha fundi akasema, bila kuulizwa na mtu, maneno niliyoyaandika yote kama alivyoyatamka. "Kuna kitu kimoja ambacho nimekuwa nikitaka kumuuliza mtu maisha yangu yote. Pale kwenye usukani, kila kitu kilikuwa cha shaba na mbao nzuri, isipokuwa kiti cha nahodha. Kilikuwa kiti cha jikoni. Kiti cha mninga, cha kununua sokoni, kimekazwa sakafuni kwa skrubu. Nilipouliza, wakubwa wangu waliniambia kiti chenyewe kiliingia tanurini wakati wa vita. Nikajua wananidanganya, maana nilikuwa mwanagenzi. Ni kweli?"

Niliyejibu ni mimi. "Ni kweli. Aliyekitia motoni ndiye huyu."

Nilipoinua macho, bosi alikuwa amesimama mlangoni. Ilikuwa Ijumaa, hakwenda kazini, na kicheko cha babake kilikuwa kimemtoa sebuleni. Sijui alikuwa pale tangu lini, lakini kiti alikisikia. Aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akauliza kwa Kiswahili, polepole kama mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu, "Baba, kwa nini hukuniambia habari ya kiti?"

"Nilikuambia ulipokuwa na miaka saba," mzee akasema. "Uliuliza kama kilikuwa na magurudumu."

Bosi akainama akambusu babake kichwani, mara moja, kisha mara nyingine. Halafu akanyoosha mkono kwangu, nami nikampa daftari.

Mambo yalibadilika kwa haraka kuliko nilivyozoea kuona mambo yakibadilika katika nyumba ile. Wiki iliyofuata alikuja mtu mwingine wa kupiga deki. Simu yangu nikarudishiwa moja kwa moja, na madam alipoiweka mkononi mwangu akasema tu, "Mzee anakuhitaji," na kwake hayo yalikuwa maneno mengi. Binti wa chuo akaanza kukaa nami jioni, mimi nikisoma daftari kwa Kiarabu changu, yeye akikinyoosha na kuandika kwenye kompyuta. Aligombana nami juu ya kila neno. "Mlango unapigwa teke na mguu gani?" aliuliza. Tukaenda kumuuliza mzee. Wa kulia.

Mzee naye akatembea. Alitoka kwenye chuma akahamia mkongojo, na sikukuu ilipokaribia akatangaza kwamba anataka kwenda Jeddah, nyumbani kwake, kwenye hewa ya bahari. Tukaenda wote.

Siku ya pili ya sikukuu ukoo wote ulijaa kwenye nyumba ile ya zamani ya Al-Hindawiyah, ngazi zake nyembamba, wanawake chumba kimoja, wanaume kingine, mlango wa katikati umeachwa wazi makusudi. Binti wa chuo akasimama pale mlangoni akasoma kurasa kumi na nne kwa Kiarabu. Alipofika kwenye honi za manowari, shemeji mmoja aliyekuwa akicheza na simu aliiweka chini. Alipomaliza, vijana wakaanza kupanga foleni kumbusu babu yao kichwani, na shangazi mmoja wa Kizanzibari akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka mtaa wa pili. Binti akasema kwa sauti, "Aliyeandika ni huyu," akanionyesha kidole. Nilikuwa nimeshika sinia ya halua. Shangazi yule akainyakua sinia akanikalisha chini.

Kumbe bosi naye alikuwa na lake. Alikuwa amemtafuta mtu anayemjua mtu bandarini, vibali vikatoka, na siku tatu baadaye tulimpandisha mzee kwenye tagi. Hakukubali kubebwa. Alivuka ubao kwa miguu yake, bosi mbele, mimi nyuma nimemshika mkanda. Nahodha alikuwa Mmisri mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwa ameambiwa mgeni wake ni nani, na alivaa sare safi.

Kwanza mzee akataka kwenda chini. Akatazama injini mbili za dizeli, safi kama sufuria mpya, na fundi mmoja amekaa na vizibo masikioni. "Muulize makaa wanatia wapi," akaniambia, akinikonyeza. Nikatafsiri. Fundi akacheka, akachovya kidole kwenye grisi na kumpaka mzee kwenye ncha ya mkono wa kanzu, ili asitoke mikono mitupu.

Kisha tukapanda kwenye usukani. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuilaza gatini meli ya makontena ndefu kama mtaa. Nahodha akamsogeza mzee karibu yake, akaanza kumweleza kila anachofanya, mimi nikiwa katikati yao, Kiarabu kikiingia Kiswahili kikitoka, Kiswahili kikiingia Kiarabu kikitoka. Nilikuwa nimekuja nchi ile nikijua maneno kumi. Nilipotazama kwenye kioo, nilijiona nimesimama baina ya wanaume wawili wa baharini, na wote wawili wananingoja mimi niseme.

"Mwambie anakuja kwa kasi," mzee akasema ghafla, akitazama ubavu wa meli. Nikasema. Nahodha akatazama, akapunguza, akasema, "Wallahi, amesema kweli."

Meli ilipogusa gati, iligusa kama mtu anayelaza mtoto. Nahodha akachukua daftari la chombo, lile linaloandikwa wafanyakazi wa siku, akaandika jina la mzee chini ya majina ya watu wake. Akaniuliza, "Kazi yake niandike nini?"

Nikamuuliza mzee. Alijinyoosha, mkongojo ukiwa umeegemezwa ukutani, mikono yake miwili imeshika chuma cha dirisha.

"Mtia makaa," akasema. "Tanuri ya kushoto."

Nahodha akaandika hivyo hivyo. Kisha akamshika mzee mkono, akauweka juu ya kitufe cha honi, na mzee akabonyeza, akabonyeza tena, na hakukitoa kidole mpaka meli ya makontena ilipojibu.